Mkutubi kwanza, jengo baadaye

Matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa, kijana wa Ikombe aliyefaulu huanza safari ya karatasi. Ili aombe mkopo wa elimu ya juu anatakiwa awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, namba ya NIDA, saini na muhuri wa serikali ya kijiji, saini ya wakili au hakimu, kisha fomu zote zipigwe skani na kupandishwa kwenye mtandao wa Bodi ya Mikopo kabla dirisha la maombi halijafungwa. Kama amefiwa na mzazi, kuna na cheti cha kifo. Mwenyekiti wa kijiji yuko jirani, wakili yuko mbali. Ikombe ni kijiji cha Wakisi, wafinyanzi wa vyungu, kilichobanwa kati ya maji ya Ziwa Nyasa na Milima ya Livingstone, na kwa miaka mingi njia yake kuu imekuwa mtumbwi hadi Lyulilo na Matema. Kutoka Matema hadi Kyela mjini ni zaidi ya kilomita 30 za barabara inayopita Ipinda, katika bonde ambalo mvua zake huzidi milimita 2,000 kwa mwaka na ambalo mito ya Mbaka, Lufilyo, Kiwira na Songwe hufurika masika.

Akifika mjini ataingia duka la steshenari. Humo kuna kompyuta, printa, skana na kijana mwenzake anayejua kurasa zote: maombi ya vyuo, Ajira Portal, uhakiki wa vyeti, leseni za biashara, mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Atalipia kila hatua, na mara nyingi ataacha neno lake la siri kwenye daftari la dukani ili asihangaike akirudi. Kumsaidia mtu kupata taarifa, kumwonyesha ipi ni ya kweli na namna ya kuitumia, ndiyo huduma ambayo nchi hii iliikabidhi maktaba kwa sheria. Mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa umeihamishia kaunta ya biashara, na hakuna kikao chochote kilichokaa kuamua hivyo.

Kila suala la maktaba linapozungumzwa wilayani Kyela, mjadala hukimbilia jengo: kiwanja kiko wapi, ramani imechorwa na nani, mfadhili amepatikana? Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo limetangulizwa kimakosa. Kinachokosekana mwambaoni kuliko vyote ni mkutubi, mtu aliyesomea kazi hiyo, mwenye mshahara na wajibu wa kuwafikia watu walipo. Jengo lisilo na mtu wa namna hiyo litageuka ghala. Mtu huyo bila jengo anaweza kuanza kazi kesho.

Masanduku, kisomo na redio

Picha ya maktaba kuwa ukumbi wenye rafu ndefu na kibao cha "Kimya" ni ya mjini, nayo ni finyu hata kwa historia yetu wenyewe. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948, ilikuwa ikipeleka masanduku ya vitabu na kuwaazimisha wasomaji kwa posta wakati sehemu kubwa ya Tanganyika haijawahi kuona chumba cha kusomea. Baada ya Uhuru ilitungwa sheria ya 1963 iliyounda bodi ya maktaba ya Tanganyika, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Sheria ya 1975 ndiyo iliyoiweka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania katika sura tunayoijua, ikiwa na jukumu la nchi nzima. Lakini mafanikio makubwa ya kusoma vijijini hayakutokana na kumbi hizo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, na vitabu vya kisomo vikaandikwa juu ya kazi ambazo watu walikuwa wakizifanya: pamba, migomba, uvuvi, utunzaji wa nyumba. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vilivyosikiliza redio, vikasoma kijitabu, vikajadili, kisha vikaenda kuchimba vyoo. Maktaba za vijiji, maelfu kwa idadi, zilikuja nyuma ya wimbi hilo. Watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa karibu theluthi mbili wakati wa sensa ya 1967. Takwimu za serikali za 1986 ziliwaweka chini ya asilimia 10. Wapo wanaozitilia shaka takwimu za 1986, na wana sababu, lakini hata ukizipandisha kwa kiasi kikubwa bado zinaonyesha mabadiliko ambayo hayajarudiwa.

Wanaopinga huduma za vijijini huuliza mara moja: mbona maktaba hizo zilikufa? Swali ni la haki na jibu lake linaiunga mkono hoja yetu. Zilikufa kwa sababu mkutubi wa kijiji alikuwa mtu wa kujitolea au wa posho ndogo, na kwa sababu sanduku likishafika halikubadilishwa. Uchumi ulipoyumba mwanzoni mwa miaka ya 1980, vitabu vipya vilikoma kuja. Waliokwisha kusoma vilivyopo hawakuwa na la kurudi kufuata. Katika bonde lenye joto na unyevu kama la Kyela, kitabu kilichokaa rafuni miaka miwili bila kuguswa huliwa na ukungu au mchwa kabla hakijaliwa na wasomaji. Kilichoshindikana pale ni kuajiri mtu na kuzungusha vitabu. Kuta hazikuwa tatizo.

> *Maktaba za vijiji zilikufa kwa kukosa mtu wa kuajiriwa na vitabu vya kuzungushwa, kuta hazikuwa tatizo.*

Majirani wametoa ushahidi wa namna nyingine. Mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa ya Kenya ilianza kupakia vitabu na hema juu ya ngamia kutoka Garissa, ikawafuata wafugaji ambao wasingeweza kuufuata mji. Kule Masaka, Uganda, maktaba ya jamii ya Kitengesa ilianza 1999 ikiwa sanduku la vitabu katika shule ya sekondari. Jengo lake lilikuja miaka kadhaa baadaye, wakati tayari kulikuwa na wasomaji wa kulijaza. Ngamia wa Garissa, ni kweli, hurudi kwenye maktaba yenye paa, na mkutubi wa Kyela naye atahitaji mahali pa kuweka masanduku: chumba cha shule Ipinda, au ofisi ya kata Matema. Ila mpangilio wa mambo unabaki uleule, huduma ikitangulia na paa likifuata.

Steshenari na mipaka yake

Pingamizi la kwanza ni la kibiashara. Kama steshenari zinafanya kazi, kwa nini halmashauri iingilie? Ni lazima kuwatendea haki vijana hao: bila wao, maombi mengi kutoka bonde hili yasingefika Dodoma wala Dar es Salaam. Wanafungua mapema na wanafunga usiku, na bei zao zinajulikana. Lakini steshenari hujaza kile mteja anachokiomba. Mzazi asiyejua kwamba mwanawe ana sifa ya kuomba mkopo hataingia dukani kuuomba, na mama wa kikundi cha kukamua mawese asiyejua kwamba katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu hatauliza fomu yake. Duka haliwezi kulaumiwa kwa hilo, kwa kuwa halina mshahara wa kumtafuta asiyeuliza. Mkutubi analo jukumu hilo hasa. Tena kuna suala la siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azilinde. Daftari la maneno ya siri lililoachwa juu ya kaunta haliwezi kupita mtihani huo. Steshenari ziendelee na uchapaji na skani. Ushauri, ufuatiliaji na usiri vinahitaji ofisi ya umma yenye mtu wa kuwajibishwa.

"Simu iko mfukoni"

Pingamizi la pili ndilo linalosikika zaidi, hasa kwa vijana: kila kitu kimo kwenye simu. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao yake na mtu yeyote anaweza kuvisoma bure. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 vimegawiwa walimu. Mitihani ya miaka iliyopita inapatikana mtandaoni. Hayo yote ni kweli, na mkutubi anayeyapuuza leo angekuwa wa ajabu. Lakini kitabu cha kiada kwenye kioo cha simu ndogo, kwa bando la siku, katika kijiji ambacho mtandao hukamatika ukipanda kilimani, ni bure kwa jina tu. Elimu bila ada ilianza 2016 hadi kidato cha nne na kusogezwa hadi kidato cha sita 2022, hivyo shule za kata za mwambaoni zimejaa. Mtaala mpya ulioanza kutumika kwa awamu umekuja na mkondo wa amali na masomo yanayohitaji vitabu vipya. Kinachotakiwa hapo ni mtu wa kupakua vitabu hivyo mara moja, kuvipanga, kuvisambaza kwa kadi za kumbukumbu bila gharama ya bando, na kubeba nakala za karatasi kwa masomo ambayo kioo hakitoshi.

Halafu kuna jambo ambalo simu imelifanya kuwa gumu zaidi. Zamani tatizo la mwambao lilikuwa uhaba wa taarifa. Leo ujumbe mmoja wa kundi la WhatsApp unaweza kutangaza ajira zisizokuwepo, mkopo wa ulaghai na dawa ya kila ugonjwa kabla jua halijachomoza. Ilani ya maktaba za umma ya IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, na UNESCO, iliyopitiwa upya 2022, imeipa maktaba jukumu la kuwawezesha watu kupima taarifa, ikitambua hali hiyo hiyo duniani kote. Kupima chanzo ni ujuzi unaofundishwa. Chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka cha Bagamoyo kinaufundisha, na wahitimu wake wengi huishia mijini au vyuoni, ambako wasomaji tayari wana njia nyingine za kujisaidia.

Kakao inataka taarifa

Wengine watasema Kyela haina haja ya wakutubi kwa sababu watu wake ni wa shamba na ziwa. Hao ndio wanaopaswa kuitazama kakao. Wilaya hii ndiyo kitovu cha kakao ya Tanzania, na mkulima wake ameunganishwa na dunia kuliko wafanyakazi wengi wa ofisini. Mwaka 2024 bei ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, kiwango ambacho hakijawahi kuonekana, kisha ikaporomoka mwaka uliofuata. Mauzo yanapitia stakabadhi ghalani: kakao inapimwa chama cha msingi, inaingia ghalani, inanadiwa, fedha zinakuja baadaye baada ya makato. Mkulima anayejua bei ya mnada uliopita, orodha ya makato na siku ya malipo hawezi kurubuniwa na mlanguzi anayemsubiri shambani na noti mkononi. Asiyejua atauza, na utaratibu wote uliowekwa kumlinda utampita pembeni.

Juu ya hapo imekuja kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inayotaka kakao inayoingia soko lake ithibitishwe kwamba haikutoka kwenye msitu uliokatwa, ikiambatana na alama za mahali shamba lilipo. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, jambo linaloongeza mkanganyiko. Kanuni yenyewe ni ndefu na haikuandikwa kwa Kiswahili. Nani atamweleza mwenye nusu ekari ya kakao pale Ipinda? Afisa ugani anajua magonjwa ya mmea, na eneo lake ni kubwa mno. Chama cha msingi kinajua, lakini kina maslahi katika mauzo. Mnunuzi naye vivyo hivyo. Mkutubi hanunui wala hauzi. Anaweza kubandika bei za mnada kila wiki, kuandaa muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili rahisi, kuupeleka redio ya jamii usomwe jioni, na kumwonyesha anayetilia shaka waraka wenyewe. Mchele unahitaji vivyo hivyo: jina la Kyela limekuwa na thamani kiasi cha kuandikwa kwenye magunia yasiyowahi kuliona bonde hili, na mkulima anayetaka kulilinda jina hilo atahitaji kujua sheria inasema nini kabla ya kulalamika sokoni.

> *Mkulima wa kakao wa Kyela ameunganishwa na bei za dunia kila wiki. Taarifa zenyewe humfikia kupitia mtu mwenye maslahi.*

Kyela iliyohifadhiwa ugenini

Upo upande wa kazi hii ambao hakuna steshenari itakayoufanya, nao ni kutunza kumbukumbu za mahali. Wamisheni wa Kimoravian na wa Berlin waliingia kaskazini mwa ziwa 1891, wakaacha shajara, barua na picha. Nyaraka za Wamoravian zimehifadhiwa Herrnhut, Ujerumani. Kati ya 1934 na 1938 wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti kwa Wanyakyusa, na kutokana nao Monica akachapisha mwaka 1951 kitabu kiitwacho Good Company kuhusu vijiji vya rika, utaratibu ambao vijana wa umri mmoja waliishi pamoja katika kijiji chao. Karatasi za utafiti wao ziko Chuo Kikuu cha Cape Town. Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka Table Mountain uliteketeza ukumbi wa Jagger wa maktaba za chuo hicho, pamoja na vitabu na nyaraka nyingi za Afrika. Hakuna kumbukumbu iliyo salama kwa kuhifadhiwa mahali pamoja, na haileti maana kwamba mwanafunzi wa sekondari ya Matema anayeandika insha juu ya babu zake hawezi kuona hata nakala ya kidijitali ya kile kilichoandikwa juu yao.

Kuomba nakala kutoka hifadhi hizo ni kazi ya barua, ufuatiliaji na makubaliano, yaani kazi ya kitaalamu. Ni hivyo pia kurekodi wazee kabla hawajaondoka, kukusanya mihtasari ya zamani ya vyama vya ushirika, au kuweka nakala ya ramani za Mto Songwe, ambao umekuwa ukihama njia yake na kuwaacha watu wakijiuliza wako nchi gani. Tume ya pamoja ya Tanzania na Malawi ya bonde la mto huo ina makao yake Kyela. Mgogoro wa mpaka wa ziwa, unaotokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1 Julai 1890, uliibuka tena kwa nguvu 2012. Mvuvi wa usipa anayelala ziwani katika mzozo huo hajawahi kuonyeshwa mkataba huo unasema nini. Na kwa wapenda fasihi kuna kipimo chepesi: Harrison Mwakyembe, aliyekuwa mbunge wa Kyela kuanzia 2005 hadi 2020, aliandika ujanani riwaya iitwayo Pepo ya Mabwege. Mwanafunzi wa Ipinda akiitaka wiki hii, amwendee nani?

Fungu gani?

Pingamizi la mwisho ni zito kuliko yote. Halmashauri ina zahanati zisizo na wahudumu wa kutosha, madaraja yanayochukuliwa na mafuriko na madarasa yasiyotosha. Kuajiri mkutubi ni anasa. Uzito wa hoja hiyo haukanushiki, na kama mjadala ungekuwa wa kujenga ukumbi wa kisasa ungeishia hapo. Serikali ilishapata ukumbi wa kisasa: maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa 2018, imejengwa kubeba hadi vitabu 800,000. Kinachoombwa mwambaoni ni mshahara wa mtumishi mmoja au wawili wenye stashahada, pikipiki, nauli ya boti, masanduku yanayobadilishwa na maktaba ya mkoa Mbeya, na kompyuta yenye skana. Mtu huyo pia hapunguzi zahanati. Mtu ni Afya ilionyesha kwamba taarifa ikisomwa kwa pamoja hugeuka vitendo vya kinga, kama kuchimba vyoo. Wala ratiba yake si ya kubuni. Jumamosi ni siku ya mnada wa Lyulilo, vyungu vya Ikombe vinaposhushwa na watu wa vijiji vingi wanapokutana. Siku nyingine Ipinda, siku nyingine Kasumulu mpakani.

Ugumu halisi uko kwenye ikama. Kwa kawaida halmashauri hutarajiwa kutoa jengo na Bodi ya Maktaba hutoa vitabu na utaalamu, mpango unaofaa pale jengo linapokuwepo na unaokwama pale lisipokuwepo, kwa kuwa kila upande unamsubiri mwenzake. Mkutubi akiwa mtumishi wa Bodi pekee, upungufu ukitokea mkoani atahamishiwa Mbeya mjini. Akiwa chini ya mkuu wa shule, atapangiwa vipindi vya Kiswahili na masanduku yatafungwa. Linalowezekana ni aajiriwe na halmashauri kwenye idara ya maendeleo ya jamii, Bodi ikibaki na usimamizi wa kitaalamu, na taarifa yake ya kazi ihesabu watu waliohudumiwa mnadani na vijijini kama inavyohesabu vitabu vilivyoazimwa. Vipaumbele vya bajeti inayoanza Julai huibuliwa vijijini miezi mingi kabla, na mkutano mkuu wa kijiji kisheria hukaa kila baada ya miezi mitatu. Nafasi hiyo isipoandikwa huko, afisa mipango wa wilaya hatakuwa na pa kuitoa.